Mtaa wa Mji Mkongwe wa 1896 mezani: anza na njia

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Ninajenga meza ya mchezo wa vita, Zanzibar ya 1896, kwa askari wa kuchezea wenye kimo cha milimita 28. Nimemaliza nyumba sita. Nimezipima vizuri kwa picha, na njia nimeiacha sentimita 4 na nusu kama ilivyo kweli. Lakini nikizipanga naona maboksi ya viatu yaliyopakwa chokaa, na mkono haupiti kusogeza askari. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Vipimo vyako nimevipitia na sina ugomvi navyo. Askari wa milimita 28 tunamhesabia sehemu moja kwa 56, na kichochoro cha mita mbili na nusu ukikigawa kwa 56 unapata hizo sentimita 4 na nusu zako. Ghorofa ya mita tatu na nusu hadi nne inakupa sentimita 6 na nusu au 7. Yote sawa. Kilichonishtua ni pale ulipoandika kwamba umemaliza nyumba sita, ndipo ukazipanga.

Mji Mkongwe haukupatikana kwa mtindo huo. Hakuna aliyechora mitaa kisha akagawa viwanja. Tajiri alijenga jumba lake, jirani akaja akaegemeza ukuta, mtoto akaoa akaongezewa chumba, na palipobaki pa kupita watu na punda pakawa njia. Ndiyo maana njia zile zinapinda bila sababu unayoiona, zinabanwa mpaka watu wawili wanapishana kwa ubavu, halafu ghafla zinafunguka kwenye kiwanja ambapo wazee wamekaa barazani. Ukijenga nyumba moja moja, kila moja na kuta zake nne na pembe zake za mraba, hata uzipake rangi ya namna gani zitabaki nyumba sita zilizokutana stendi.

Usizitupe. Tutazikata. Lakini kabla hujashika kisu, amua kwanza meza inacheza nini, kwa sababu meza yako ni ndogo kuliko unavyofikiri. Sentimita 120 kwa 180, ukizirudisha kwenye ukubwa wa kweli, ni mita 67 kwa 100. Huo ni uwanja mmoja wa mpira. Hapo huwezi kuweka Ngome Kongwe, jumba la Sultani, Shangani na bandari. Unaweza kuweka kona moja ya mtaa, njia mbili zinazokutana na labda kiwanja kimoja. Wengi wanataka mji mzima, kwa hiyo wanapunguza kila nyumba iingie, na matokeo yake ni kijiji cha nyumba za wanasesere.

Vita vyenyewe vya tarehe 27 Agosti 1896 havichezeki sana. Khalid bin Barghash alikuwa amejitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, na muda wa mwisho waliompa kutoka jumbani ulikwisha saa 3 asubuhi. Dakika mbili baadaye meli za Kiingereza za Admirali Harry Rawson zikafungua mizinga, na kufika saa 3 na dakika 45 hivi mambo yalikuwa yamekwisha. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa ni kama 500, wa Waingereza ni baharia mmoja aliyejeruhiwa. Ukiliweka hilo mezani, mchezaji mmoja anarusha dadu na mwenzake anaondoa askari. Nimelicheza mara moja na sikulirudia.

Cha kuchezwa ni kilichofuata. Khalid alitoroka jumbani akakimbilia nyumba ya konseli wa Ujerumani na wafuasi wake kama 40. Askari wa Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar, wakawekwa nje kumsubiri atoe mguu. Alikaa humo ndani mpaka tarehe 2 Oktoba, ilipokuja manowari ya Kijerumani Seeadler; maji yalipojaa, boti ikamchukua kutoka bustanini kwa konseli bila yeye kukanyaga barabara ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Sasa fikiria mchezo huo: kundi la watu 40 linatafuta njia kwenye vichochoro, askari wa Mathews wanajaribu kuziba kona, hakuna anayeona zaidi ya hatua thelathini mbele. Huo unahitaji mtaa. Kwa hiyo jenga kona moja ya Shangani, na ukingo mmoja wa meza uwe ukuta wa bustani na maji.

Haya, kazi. Tandika karatasi ya kaki juu ya meza nzima. Chukua askari wako kumi, wapange katikati kama wanaokimbia, kisha uchore njia kwa mkono kuwazunguka, bila rula. Ipinde. Kila unapofika sentimita 60 hivi, hakikisha kuna kitu kinachoziba macho: kona, ukuta uliojitokeza, ngazi. Sentimita 60 ni kama mita 34 za kweli, na kwenye mji ule huo ni mwono mrefu. Ukishamaliza njia, eneo lililobaki ndilo la nyumba, na umbo lake litakuwa la ajabu: pembe tano, pembe kali, ukuta uliolala kidogo. Umbo hilo la ajabu ndilo unalolitafuta. Zile nyumba zako sita ziweke juu ya karatasi, uone ni kuta zipi zinaangukia kwenye mstari. Hizo zibaki. Nyingine kata.

Kuhusu upana, hapa lazima tuseme uongo. Sentimita 4 na nusu ni kweli ya ramani, lakini ukuta wa ghorofa tatu una urefu wa sentimita 20, na vidole havishuki kwenye mfereji wa namna hiyo bila kuangusha watu. Mimi naweka 7. Halafu nauficha uongo huo kwa baraza. Baraza la kweli ni kimo cha kukalia, kama nusu mita, kwa hiyo kwako ni milimita 8 au 9 kwenda juu na hizohizo kutoka ukutani. Weka pande zote mbili, na ile 7 inabaki 5 na kitu chini, ambapo askari wawili wenye vitako vya milimita 25 wanasimama bega kwa bega na njia imejaa. Juu tundika roshani moja au mbili zinazotoka sentimita moja na nusu. Jicho linaona pamebanwa, mkono unapita. Askari hatasimama kwenye baraza la milimita 9, hilo najua. Sehemu mbili au tatu unazotaka watu wajifiche au wapige risasi, lipanue baraza hadi sentimita 2 na nusu. Hakuna atakayelalamika, na mabaraza ya kule hayajawahi kulingana.

Njia nyingine ya kuokoa mkono ni kuzifanya nyumba za upande unaokaa wewe ziwe fupi, ghorofa moja au mbili, na zile ndefu ziwe ng'ambo. Naona watu wengi wanajenga kila ghorofa iweze kutolewa, na chumba ndani, na kitanda, na mtungi. Kwa kichochoro cha watu 40 wanaokimbia, nani ataingia chumbani? Fungua ndani nyumba tatu kwa kila kumi. Nyingine ziwe magamba, na paa lake liwe bapa askari asimame.

Sasa maboksi ya viatu. Umeniambia umetumia kadibodi yenye foamu katikati, ya milimita 5. Hapo ndipo siri yote ilipo. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa sentimita 60 ni wa kawaida. Ukiugawa kwa 56 unapata sentimita moja na nukta. Yaani kuta zako ni nusu ya unene wa kweli, na jicho linalijua hilo kwenye madirisha hata kama mtu hana habari ya ujenzi. Dirisha la kule limezama ndani ya ukuta kama jicho la mzee. Saa za mchana lina kivuli chake. La kwako limebandikwa juu kama stempu. Huna haja ya kujenga upya: kata vipande vya foamu ileile, vibandike kwa ndani kuzunguka kila tundu la mlango na dirisha mpaka ukingo ufike milimita 10, kisha fremu ya dirisha iweke upande wa ndani kabisa. Madirisha ya chini yapate nondo za wima, za waya mwembamba. Fanya ukuta mmoja leo usiku, uuweke kando ya wa zamani, uangalie kwa taa ya pembeni.

Unene huo wa ukuta unaenda na kitu kingine ambacho wengi hawakijui, nacho ni boriti. Dari za nyumba zile zimebebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake. Hauwezi kubeba chumba kipana. Kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Kwako ni sentimita 4 na nusu hadi 5 na nusu. Hii inakusaidia mara mbili. Kwanza inakuambia madirisha yakae vipi: chumba hakiwezi kuwa na madirisha matano upande wake mfupi. Pili, ukitaka kuonyesha nyumba iliyopigwa na kombora, unajua cha kuonyesha. Ukuta wa matumbawe ukivunjika hautoi matofali. Unatoa mawe ya ukubwa wa ngumi na wa kichwa, na vumbi jeupe la chokaa kila mahali, na pale dari ilipokuwa panabaki safu ya boriti zilizochomoza, kama meno. Vijiti vya kuchokolea meno vinakaa vizuri kabisa, vina milimita 2, ambayo ni sentimita 11 za kweli. Vya mishikaki ni vinene kidogo. Tumia kwa jumba kubwa. Vipake kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, na uviache vipishane urefu.

Nije kwenye lipu. Nachanganya puti nyeupe ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, na gundi nyeupe ya maseremala, maji kidogo, na mchanga wa pwani. Huo mchanga uoshe chumvi na uuchekeche kwa soksi ya nailoni. Usicheke. Punje ya milimita moja, kwenye kipimo chetu, ni jiwe la sentimita tano na nusu, na ukuta uliojaa mawe ya namna hiyo unafanana na uji wa mtama. Unataka unga. Paka kwa kipande cha kadi ya simu ya zamani, kwa mikupuo mifupi, na usinyooshe. Kuta zile zilipakwa kwa mkono zikapakwa tena na tena kwa miaka. Zina tumbo, zina mabonde. Pembe za nyumba, hasa zile za kona ya njia, zisugue ziwe za mviringo. Mabega ya wachukuzi na mizigo ya punda yamepita hapo.

Na hapa nikuonye. Nyumba yangu ya kwanza niliipaka lipu kwa nje tu nikaenda kulala. Asubuhi ukuta umejikunja kama ngozi ya ngoma. Kitu chembamba ukikilowesha upande mmoja lazima kivutike upande huo. Paka gundi iliyochanganywa na maji upande wa ndani pia, siku hiyohiyo, na uache kuta zikauke zimelala chini ya vitabu. Ya pili niliipulizia rangi ya kopo moja kwa moja juu ya foamu nyeupe, ile inayokuja na friji. Iliyeyuka mbele ya macho yangu, ikabaki matundu. Tumia rangi ya maji ya nyumba, na brashi. Ya tatu nilibandika kwa uji wa ngano kubana matumizi, na panya walikula ghorofa mbili. Hiyo haihitaji maelezo.

Sehemu za kuonyesha mawe yenyewe, pale lipu ilipobanduka, usichonge kwa kisu. Tafuta kipande cha jiwe la matumbawe kwenye kifusi cha nyumba ya zamani. Huko Tanga hutakosa, na tafadhali usiende kuvunja mwamba baharini. Likandamize kwenye foamu, ligeuze, likandamize tena. Linaacha alama zake lenyewe, vitundu na mikunjo, na hakuna chombo cha dukani kinachofanana nalo. Mahali pa kufanya hivyo ni chini ya ukuta. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini, na lipu huanza kufa kwenye mita ya kwanza. Kwako ni sentimita 2 kasoro. Ukibandua katikati ya ghorofa ya pili bila sababu, mtu anayeijua nyumba ya chokaa ataona mara moja.

Lakini usibandue sana, na hili ndilo kosa ninaloliona hata kwa mafundi wazuri. Picha tunazonakili ni za siku hizi: kuta zimevimba, nyaya za umeme zimesokotana kama mie, weusi wa ukungu umeshuka kutoka paani. Huo ni uzee wa karne ya ishirini. Mji wa 1896 ulikuwa mji wa matajiri wa karafuu, wenye nyumba walikuwepo na chokaa ilikuwa karibu. Aliyeingia kwa bahari aliuona mweupe. Kwa hiyo nusu ya nyumba zako ziwe na chokaa nzuri, robo zimechoka, na moja tu iwe gofu. Nyeupe yenyewe isiwe ya kopo. Ongeza tone la manjano ya udongo na tone dogo zaidi la kahawia, kisha ukuta ukikauka, pitisha brashi kavu yenye nyeupe kidogo kwenye mabega ya ukuta. Michirizi myeusi iweke chini ya mifereji ya paa tu, na kwenye pembe ambazo jua halifiki.

Paa: yalikuwepo ya bapa ya chokaa yenye ukingo juu, na mabati nayo yalikuwa yameanza kuingia kwa sababu ya mvua zetu. Changanya, ila yale ambayo askari watasimama yawe bapa.

Milango najua unaitamani, kila mtu anaitamani. Usichonge milango sita ya nakshi. Kwenye kichochoro, mlango mkubwa wa nakshi ni wa nyumba moja kati ya nne au tano, wengine wana mbao za kawaida au mbao za duka zinazoinuliwa moja moja. Mlango mkubwa uwe na kimo cha sentimita 5 na upana wa 3 kasorobo, vipande viwili, na mfaa, ule ubao wa wima, katikati. Ule wa kizingiti kilichonyooka juu ni mtindo wa Kiarabu. Ule wenye tao juu ni wa Kihindi, na wote wawili ungeukuta mjini mwaka huo. Nakshi usiichimbe kwenye mbao. Chukua sahani ya foili ya chakula, iweke juu ya kile kimkeka laini cha mpira cha kipanya cha kompyuta, uchore kwa kalamu isiyo na wino: mnyororo kwenye ukingo wa nje wa miimo, ndani yake maua na majani yanayojirudia. Ibandike kwenye miimo na kizingiti, ipake kahawia nzito, isugue kwa kidole chenye rangi ya mbao hafifu. Misumari ya shaba isiwe vichwa vya pini, ni vikubwa mno. Chovya sindano kwenye gundi nzito, weka kitone, kiache kikauke, kisha rangi ya shaba. Mlango mmoja utakula jioni nzima. Ndiyo maana nimesema mmoja.

Ardhi ya njia: hakuna lami wala bloki za saruji. Puti ileile, mchanga zaidi, kahawia ya kijivu, na katikati ifanye iwe chini kidogo kuliko pembeni kwa sababu maji ya mvua hupita humo. Karibu na mabaraza pasafishe, wenye nyumba walikuwa wakifagia.

Kuhusu kuikata meza ili ibebeke: usikate kati ya nyumba na njia. Kila kipande kiwe na njia katikati na nusu nyumba kila upande, ili maungio ya urefu yapite juu ya mapaa ambako hakuna anayeangalia. Yale yanayokatiza njia yaangukie kwenye ngazi au kivuli cha roshani. Au weka wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Kinaficha maungio na kinaziba macho kwa wakati mmoja, na mimi nisingejenga meza ya pwani bila kimoja.

Vitu vya kuondoa kwenye orodha uliyonitumia: bustani ya Forodhani ni ya miaka ya 1930, mwaka 1896 pale palikuwa na mizinga. Soko la Darajani ni la 1904. Beit al-Ajaib ilikuwepo tangu 1883 lakini bila mnara wa saa ulio nao kwenye picha zako. Mnara uliokuwepo ulisimama mbele yake, ukaharibiwa siku ya mizinga, na ule wa kwenye jengo ukaja na matengenezo ya 1897. Zahanati ya Tharia Topan yenye roshani za nakshi unaweza kuibakiza ukipenda, ilikamilika 1894, ila ipo upande wa Malindi, na itakula robo ya meza yako.

Ukimaliza kipande cha kwanza, kabla hujaanza cha pili, laza simu mezani kamera ikiwa kimo cha macho ya askari, katikati ya njia, upige picha. Ukiona ukuta wa chumba chako mwishoni mwa njia, hapo panahitaji nyumba nyingine.